Msiba wa Tunu Radi

Mwalimu alipotupa kazi ya kubuni msanii ambaye hayupo, kisha kumtangaza mpaka watu wamtake, kundi letu la watu watano lilishangilia. Msanii asiyekuwepo hadai nauli. Hachelewi studio, hana meneja, hagombani na mpenzi wake mtandaoni usiku wa manane. Mwalimu mwenyewe alitutia moyo kwa mfano wa Gorillaz, bendi ya vikatuni wanne waliobuniwa Uingereza mwaka 1998 na mwanamuziki Damon Albarn na mchoraji Jamie Hewlett, na albamu zao zimeuzwa kwa mamilioni. Tukasema kama vikatuni wameweza, sisi wenye damu tutashindwaje?

Tulipewa wiki tatu. Ya kwanza iliishia kwenye jina.

Mwenzetu wa Tanga alitaka mwimbaji wa taarabu, wa kusimama kwa madaha na kurusha vijembe pole pole. Mwenzetu wa Manzese akasema taarabu awaachie shangazi zake, yeye anataka singeli, mapigo 200 na ushee kwa dakika, mtu akimaliza wimbo aombe maji. Walibishana tangu chakula cha mchana hadi mlinzi alipokuja kufunga darasa. Aliyewapatanisha ni katibu wa kundi, dada mkimya ambaye akifungua mdomo ujue kuna mtu anaumbuka. Akawakumbusha kwamba watengenezaji wa singeli wa mwanzo walikuwa wakichukua vipande vya taarabu na kuvikimbiza kwenye kompyuta. "Sasa mnagombania nini, mama au mtoto?"

Tukaafikiana msanii wetu aimbe singeli ya taratibu. Nikauliza, singeli ukiipunguza mwendo si inarudi kulekule kwenye taarabu? Nikaambiwa niache uchochezi. Jina nalo likagawanywa sawa kwa sawa: Tunu kwa ajili ya Tanga, Radi kwa ajili ya Manzese.

Wasifu wake kila mmoja aliutia chumvi kwa zamu. Jumatatu Tunu Radi alikuwa binti wa Pangani aliyelelewa vizuri. Kufikia Alhamisi alikuwa amefiwa na wazazi wote wawili, kwa sababu Manzese alishikilia kuwa msanii asiye na majonzi hauziki. Bahati mbaya ukurasa wa pili tulisahau kuugusa, na huko marehemu mama yake alikuwa bado anamsindikiza studio. Katibu akataka pia kujua kama mtu asiyekuwepo naye anapaswa kujisajili Baraza la Sanaa la Taifa, maana wasanii wanatakiwa wasajiliwe. Hakuna aliyemjibu.

Ikaja picha ya bango. Wasichana wa kundi walikataa wote wawili: mmoja kaka zake ni wakali, mwingine, ambaye ni katibu, alisema uso wake una mipango mingine. Tanga ana ndevu. Mimi nina kitambi. Akabaki mwenzetu mwembamba, kijana wa watu asiyejua kukataa, tukamvisha wigi na dera la dada yake na kumwahidi kwamba tutampiga picha kwa nyuma tu, akitazama bahari, jua likizama mbele yake.

Tukaenda Coco Beach. Tukamsimamisha majini, tukasubiri. Tukasubiri sana. Jua likazama salama usalimini mgongoni kwetu, nyuma ya majumba ya Oysterbay. Watu watano, wawili kati yetu tumezaliwa pwani hii, na hakuna aliyekumbuka kwamba Dar es Salaam bahari iko mashariki. Tulipiga hivyo hivyo gizagiza. Kwa kumpoza msanii tulimnunulia mihogo ya kukaanga, akaila mikavu, na muuzaji akabaki na kijiko cha pilipili hewani, akimwangalia kama mtu aliyekuja ufukweni na koti la baridi.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mimi ndiye niliyekaa kwenye kompyuta ya steshenari Kariakoo kuandika maneno ya bango, na ndiye niliyejigamba kuwa naandika bila kutazama kibodi. Wanaojua kuandika hivyo wanafahamu kwamba vidole viwili vya shahada hupumzika juu ya F na J, vitufe viwili vyenye vinundu, kimoja mkono wa kushoto, kimoja wa kulia. Nilitaka TUNU RADI ANAKUJA IJUMAA. Kidole cha kushoto kikamwahi mwenzake. Tanga akasoma kwa sauti, "Anakuja Ijumaa," kwa kuwa ndivyo alivyotarajia kusoma. Tukachapa mabango ishirini, tukayabandika usiku kuanzia hosteli hadi kituo cha daladala, chini kabisa namba yangu ya simu.

TUNU RADI ANAKUFA IJUMAA.

Simu ya kwanza iliingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. "Pole sana ndugu yangu. Msiba uko wapi?" Nikajibu amekosea namba. Ya pili ilikuwa ya mama mmoja aliyeuliza kama maziko ni baada ya sala ya Ijumaa au kabla, maana ana safari. Ya tatu, mtu alitaka tu kujua tumeijuaje siku. Mlinzi wa hosteli, mzee aliyestaafu jeshini, hakufikiria msiba hata kidogo. Yeye aliona tishio. Alining'ang'ania mkono getini, bango kalikunja kwapani: "Huyu binti amewakosea nini?"

Kufikia jioni rambirambi zilikuwa zimeingia 11,500 kwenye simu yangu. Mtu mmoja alituma 500, na ujumbe: "Ndicho kilichopo, tutamkumbuka kwa nyimbo zake." Nyimbo zipi, hata leo sijui. Tulizirudisha zote, makato tukalipa wenyewe, ila huyo wa 500 alikataa katakata kwamba rambirambi hairudi, ni mkosi.

Siku ya kuwasilisha, katibu alisimama mbele na jedwali lake, hakuficha kitu. Waliopiga simu: 31. Waliotoa pole: 26. Waliotaka kusikia wimbo: 0. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani, akatupa alama ambazo mama yangu simtajii.

Wiki iliyofuata nilikwenda kula kwa mama lishe wa geti la nyuma. Bango letu lilikuwa kwenye nguzo ya banda, juu ya ndoo ya kunawia.

"Mama," nikamwambia, "huyu hakufa. Hata kuwepo hakuwahi kuwepo."

"Usinifundishe, mwanangu." Alinyoosha upawa kuelekea benchi la pembeni. "Mgongo huo ulikuwa unakaa pale kila siku saa saba. Mimi nilijua kijana mwanafunzi tu, kumbe msanii, na yale magauni ni ya kazi. Wali maharage, pilipili hataki hata kuiona. Tangu bango litoke hajatia mguu hapa."

Nilinyamaza. Kwa kweli hakuwa ametia mguu. Tangu siku ya mabango mwenzetu mwembamba alikuwa anakula mikate chumbani kwa aibu.

"Alikuwa na deni la sahani nne," mama akaendelea huku akinipakulia. "Nimelifuta. Mungu amlaze pema."

Nikambebea habari hiyo hosteli. Alisikiliza kwa makini, akaweka mkate chini, akauliza mabango yamebaki mangapi. Kuna muuza chipsi wa Mwenge naye anamdai.