Bahari Haisubiri Kamati

Klabu yetu ya kayaki ina mwenyekiti, makamu, katibu, mhazini, mlezi, katiba, muhuri na kamati ndogo ya chakula. Kilichopungua ni kayaki. Pamoja na uongozi wote huo, hakuna mjumbe aliyewahi kuamua saa ya kuondoka ufukwe wa Kunduchi. Anayeamua ni bahari, nayo haikupigiwa kura, haimo kwenye kundi letu la WhatsApp, na haijui kuwa makamu mwenyekiti amekwama kwenye foleni Mwenge.

Mimi ndiye katibu. Kazi yangu ni kuandika tangazo: "Ndugu wanachama, Jumamosi tukutane saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa moja kamili tunaingia majini." Tangazo hupokelewa kwa vidole gumba na mioyo myekundu. Jumamosi yenyewe, saa moja kamili, ufukweni tunakuwa wawili: mimi na mlinzi wa magari. Saa moja na robo ujumbe wa kwanza unaingia: "Niko hapa karibu." Kwa mtu wa Ubungo, hapa karibu maana yake ndiyo kwanza anatafuta funguo za gari. Kwa mtu wa Sinza, bado yuko chini ya shuka.

Ingekuwa harusi, tusingekuwa na shida. Harusi humsubiri bwana harusi, na chakula kikipoa hupashwa. Lakini katiba yetu inasema safari ni Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, na mwezi unaofuatwa na bahari ni ule wa angani. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, huja bamvua. Hapo maji ya Dar es Salaam hujaa kwenye saa kumi alfajiri, yakaanza kutoka, na kufikia saa nne asubuhi yameshakupwa kabisa, kwa tofauti inayopita mita tatu. Wiki moja baadaye ni maji mafu, yanayopanda na kushuka kwa uvivu, na hapo hata mchelewaji hupata pa kuelea. Isitoshe, saa za kujaa na kupwa husogea mbele kila siku kwa dakika kama 50. Wavuvi wa Kunduchi wanayajua haya tangu hawajaota meno ya utu uzima. Sisi tumeyachapa kwenye jedwali zuri la rangi, tukalivika nailoni lisilowe, likatundikwa ofisini kwa mwenyekiti, Posta, ghorofa ya sita.

Safari ya mwezi wa saba iliangukia bamvua. Tulitimia saa mbili na nusu. Ikabidi kuwe na chai na vitumbua, maana haifai mtu kupiga kafi na tumbo tupu. Baada ya chai ikaja dua, baada ya dua picha ya pamoja, kisha mwenyekiti akasema ana machache. Machache yake yalikuwa na utangulizi. Aliposema "kwa hayo machache", tuligeuka kuitazama bahari, tukakuta imeshaondoka. Pale kayaki zilipokuwa zikilambwa na maji palibaki mchanga, baada ya mchanga matope, baada ya matope majani ya bahari yaliyolala chali, na majongoo bahari wamejinyoosha hawana habari na mtu. Vyombo vya wenzetu hupwelewa vikirudi kutoka safari. Vyetu vilipwelewa kabla ya kwenda.

Kayaki ya plastiki ya watu wawili ina kilo 30 na zaidi, na mbebaji huapa kwamba kilo huongezeka kila hatua. Tukazibeba. Katikati ya tope tulipishana na kijana anayechokoa pweza, mkuki mkononi, pweza wawili wananing'inia begani. Akatuamkia vizuri, akauliza:

"Mnavua nini, wazee wangu?"

"Hatuvui."

"Mnavusha mzigo?"

"Hapana. Tunakwenda Mbudya, tunapumzika, tunarudi."

Akakitazama kisiwa, akatutazama. "Boti za abiria zimeharibika?"

"Hazijaharibika. Si zile pale?"

"Basi mnalipwa shilingi ngapi?"

Mwenyekiti akasafisha koo. "Tunalipa sisi. Kuna ada ya mwezi."

Kijana alitafuta la kusema akalikosa. "Poleni sana," akatuambia, akaondoka taratibu bila kugeuka nyuma, kama mtu anayetoka msibani.

Tulipofika kwenye maji ya kuelea, lilizuka suala la nani akae na nani. Mwanachama mmoja alikuja na baba mkwe wake, mzee aliyekuwa mjini kwa matibabu ya macho na akataka kuiona hiyo michezo ya watoto. Katika kayaki ya wawili, wa mbele hutoa mwendo na wa nyuma hushika uelekeo. Mzee alikaa mbele, kama anavyokaa mbele kwenye gari, na hakuna aliyethubutu kulijadili. Shida ni kwamba mkwe haamrishwi. Huombwa, tena kwa kuzunguka. Na mbele yao, hatua chache kutoka pale, mashua ilikuwa imetia nanga.

"Baba, samahani sana, kama itakupendeza, tungepiga kidogo upande wa kushoto."

"Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu, baba. Kuna mashua."

"Naiona. Mashua nzuri. Hiyo ni mbao ya mvule?"

"Nadhani, baba. Lakini kama hutajali, kushoto…"

Walipiga ubavu wa mashua kwa kishindo kilichowarusha kunguru. Kutoka ndani kikachomoza kichwa cha baharia aliyekuwa amelala. "Hodi hupigwa kwa mdomo, wazee," akasema, akarudi kulala. Mzee hakushtuka hata kidogo. Aliupapasa ubavu wa mashua kwa kiganja, akamgeukia mkwewe: "Mvule."

Kwenda kwa kundi kuna sheria yake: kiongozi mbele, mfunga mkia nyuma, na wote waende kwa mwendo wa yule wa pole kuliko wote. Kwenye karatasi ni sheria ya huruma. Majini, wenye nguvu hutangulia, wakasimama, wakanywa maji, wakapiga picha, wakiwasubiri wa nyuma. Wa nyuma wakifika, ndimi nje, wa mbele husema, "Haya, tumekamilika, twende." Hivyo asiyehitaji kupumzika hupumzika njia nzima, na anayekaribia kuzimia hapumziki kabisa. Tumeshalijadili mara nyingi hili. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na sisi kila mwenye kafi ni nahodha.

Pilau lilibebwa na mwenyekiti wa kamati ndogo ya chakula, mama mtu mzima mwenye msimamo. Alilitia kwenye hotipoti kubwa ya maua, akalifunga nyuma ya kiti chake kwa kanga. Nusu ya njia, boti ya kasi ikapita ikatuachia wimbi. Kayaki yake ikayumba, ikafikiri, ikapinduka. Mafunzo yanasema ukipinduka shika chombo, shika na kafi. Mama alishika hotipoti.

Filimbi ikalia. Sijawahi kuona klabu yetu ikienda kasi namna ile. Watu waliolalamika mabega tangu ufukweni walikata maji mpaka povu likaruka. Wa kwanza kufika aliinama, uso umemjaa hofu, akauliza: "Limeingia maji?"

"Mimi sijambo, ahsante," akajibu mama kutoka majini.

Kumrudisha kulikuwa kwa kitaalamu, tukianza na pilau. Kayaki mbili zikasimama ubavu kwa ubavu na ya kwake, mmoja akaishikilia, mwingine akamvuta kwa mikanda ya jaketi okozi, tumbo kwanza, miguu baadaye. Wenyewe waliobuni kayaki, Wainuti wa kule kwenye barafu, walivaa chombo kikabana kiunoni, na wakipinduka walijizungusha wakaibuka bila kutoka, kwa sababu maji yao huua kwa ubaridi. Maji yetu hata katikati ya kusi ni kama nyuzi 25. Ndiyo maana mama alipata muda wa kutoa maelekezo yote akiwa bado ndani, likiwemo la nani asipewe nyama.

Mbudya ni eneo tengefu tangu 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, kwa hiyo kila anayekanyaga mchanga wake hulipa kiingilio. Fedha zote alikuwa nazo mhazini, mfukoni mwa kaptula. Zilikuwa zimelowa chapachapa. Mhazini wetu ni mhasibu aliyestaafu, mtu wa utaratibu. Alichagua jiwe lenye jua, akazianika noti moja moja: elfu kumi juu, chini yake elfu tano, chini yake elfu mbili, vichwa vyote vikielekea upande mmoja, na juu ya kila noti kome au kipande cha tumbawe cha kuizuia. Akaketi kando na kalamu, akihesabu. Kisha upepo wa saa sita ukaja. Kwa dakika kadhaa watu wazima wenye vyeo walionekana wakikimbizana na elfu mbili vichakani. Hesabu ilikamilika, isipokuwa noti moja iliyokwenda zake kuelekea Zanzibar na kuandikwa kwenye daftari kama "gharama nyinginezo".

Upepo huo ndio uliotupangia njia ya kurudi. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, na jua likipanda huongeza nguvu. Aliyeondoka Kunduchi alfajiri angekuwa ameshafika nyumbani anakula. Sisi tulitoka kisiwani saa nane, tumeshiba pilau, upepo unatusukuma begani kwa nyuma. Kila tuliposimama kumsubiri wa mwisho, tulisogezwa kaskazini. Kiongozi alilenga Kunduchi kwa uaminifu mkubwa, na Kunduchi ikawa inapita kushoto kwetu, pamoja na magari yetu, viatu vyetu na mlinzi anayepunga mkono. Kutangulia si kufika: waliotangulia walifika Ununio. Baba mkwe na mkwewe walifika Kunduchi peke yao, kwa sababu mzee hakusimama kumsubiri mtu.

Kutoka Ununio nikachukua bajaji kufuata gari. Makafi mengine hukatika vipande viwili; yetu hayakatiki ila yakivunjika. La kwangu lilikaa limevuka bajaji nzima, bapa moja nje kushoto, jingine nje kulia, na kila tulipopita watu wakaruka mtaroni. Dereva alinidai nauli ya watu wawili. "Hili nalo ni abiria," akasema, "tena limekaa vibaya."

Nikiwa nimelikumbatia kafi nilimkumbuka Oskar Speck, Mjerumani aliyetoka Ulm mwaka 1932 na kayaki ya kukunjwa, akapiga makafi kwa miaka saba, karibu kilomita 50,000, hadi akaingia eneo la Australia Septemba 1939. Vita vilikuwa vimeshaanza wiki chache tu kabla. Askari walimpokea vizuri, kisha wakamweka kizuizini kama raia wa nchi adui mpaka vita vilipokwisha. Miaka saba, halafu ukachelewa kwa wiki chache! Nilimlipa dereva nauli ya watu wawili bila kubishana.

Kamati ilikutana kulitafutia dawa suala la kuchelewa, ikapitisha faini ya shilingi elfu tano kwa kila atakayefika baada ya saa iliyotangazwa. Faini ilifanya kazi kuliko tulivyotarajia. Mhazini aliposoma ripoti ya fedha, ilionekana mapato ya faini yameyapita ya ada, na kwamba kayaki mpya ya manjano, ile isiyovuja, imenunuliwa kwa usingizi wa wanachama wa Sinza.

Kwenye kikao kilichofuata nikatoa hoja kwamba tuachane na saa moja kamili, tufuate maji, na siku za bamvua tuingie baharini saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mhazini akasimama kabla sijakaa. "Ndugu wajumbe," akasema kwa uchungu wa mtu aliyeiona bajeti yake ikizama, "tukianza kuwahi, kayaki nyingine tutainunua kwa nini?" Hoja ikaahirishwa hadi kikao kijacho. Mhazini akafungua kitabu cha stakabadhi, akaanza na mwenyekiti, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anavuta kiti.