Kanzu Namba 58

Bwana aliyesimama mlangoni kupokea wageni wa akdi, baada ya alasiri huko Malindi, Unguja, alijua fika kwamba amependeza. Kanzu mpya nyeupe pe, kofia ya mkono, udi umemkolea hadi kwenye kucha. Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi akamtazama kuanzia kiunoni kwenda chini, akamshika mkono kwa upole: "Maalim, kumbe na wewe Yanga?"

Jua lilikuwa mgongoni pake. Kaptura ya kijani na njano, aliyoivaa kwa hoja kwamba kanzu ni pana na hakuna atakayeiona, ilikuwa imeonwa na kila mtu, na wakwe wote ni Simba.

Lawama ya kwanza iende kwenye kitambaa. Dukani aliambiwa ni pamba, ilikuwa polista. Tofauti si ya majina. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu wa kama asilimia 8 ya uzito wake, polista haifikishi hata nusu asilimia. Jasho la mvaaji hubaki mwilini, kitambaa hunatana na mapaja, na kikilowa hupitisha mwanga zaidi. Kipimo chake ni rahisi: tia mkono ndani ya kanzu, inyanyue mbele ya taa ya duka. Ukiweza kuhesabu vidole vyako, wageni nao watahesabu wanachokiona.

Kisha kuna hiyo namba. 58 ni inchi, kutoka begani hadi kwenye upindo. Basi! Kitambi hakikuulizwa. Upana hufuata urefu kwa makisio ya kiwanda, hivyo mfupi mnene huchagua: abanwe tumboni au afagie barabara. Na bado muuzaji atamwambia, bila haya, kwamba kanzu haina saizi.

Inayo, tena ngumu kuliko ya suruali. Fundi anayeijua kazi huanza na badani, mbele na nyuma. Ubavuni huunga taharizi, zinazopanuka kadiri zinavyoshuka ili hatua isibanwe. Kwapani hutia vikwapa, vipande vidogo vinavyomwezesha mtu kuinua mkono bila upindo kupanda hadi kwenye magoti. Mshono wa bega ukianguka kwenye mkono, kanzu ni ya kaka yako. Na nafasi inayobaki ndani ya kanzu ina kazi: mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti juu ya majoho ya Mabedui, ukaonyesha kwamba jeusi na jeupe huufikishia mwili joto lile lile, kwa kuwa hewa hupita kati ya nguo na ngozi.

Heshima nayo ina alama zake. Kanzu ya Kiomani ina kishada shingoni cha kutiwa manukato. Ya Kisaudia ina kola kama shati. Ya Waganda ina tarizi ya rangi ya damu ya mzee na huvaliwa na koti. Bwana wetu aliwahi kwenda Kampala kwenye kwanjula, sherehe yao ya utambulisho wa wachumba, bila koti, akaelekezwa jikoni.



Jumatatu aliirudisha kanzu dukani. Mwenye duka akaiinua kwenye taa, akatikisa kichwa kwa huruma, akamuuzia kikoi cheupe cha kuvaa ndani.