Majoho Mbele ya Cherehani

Vazi la mahafali lina vipande vitatu: joho, kofia bapa yenye kishada, na hudi, yaani kile kitambaa cha rangi kinachoning'inia mgongoni. Vyote vitatu asili yake ni vyuo vikuu vya Ulaya vya Zama za Kati, na vyote vitatu huonekana leo katika vibanda vya mafundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, hasa kuanzia Septemba, msimu wa mahafali unapopamba moto. Mazungumzo yafuatayo ni ya kibanda kimoja cha aina hiyo, usiku, fundi akiwa ameshafunga. Wasemaji ni Joho, mzee mweusi wa chuo kikuu. Kofia, mwenzake wa siku zote. Kijoho, wa satini ya bluu, aliyeshonwa kwa ajili ya chekechea. Na Cherehani, ambaye wote wamepita chini ya sindano yake.

KIJOHO: Shikamooni wazee. Kesho nahitimu.

JOHO: Marahaba, mjukuu wangu. Unahitimu nini?

KIJOHO: Chekechea. Kuna mgeni rasmi, keki ya ghorofa tatu na risala ya wahitimu.

CHEREHANI: Risala ataisoma nani?

KIJOHO: Mwalimu. Wahitimu bado hawajajua kusoma.

JOHO: Lo! Njoo hapa nikueleze ukoo wako, ili usije ukaniaibisha mbele ya watu. Sisi tulianzia Bologna, Paris na Oxford. Wanafunzi wengi wa huko walikuwa watu wa kanisa, au walihesabiwa hivyo, wakavaa kama makasisi. Mwaka 1222 baraza la kanisa lilikutana Oxford chini ya Askofu Mkuu Stephen Langton, likaagiza makasisi wavae vazi refu lililofungwa mbele. Wasomi nao wakawa humo humo. Tena majengo yao ya mawe yalikuwa na baridi kali, hivyo joho zito lilimfaa msomi kama blanketi, na hudi ilifunika kichwa.

CHEREHANI: Kwa hiyo ni vazi la baridi. Na kesho, jua la Dar es Salaam likiwa utosini, mtoto wa miaka sita atavikwa satini isiyopitisha hewa juu ya sare ya shule, na chini ya sare ana singlendi. Atapigwa picha akiwa analia. Mama atasema ni machozi ya furaha.

KOFIA: Usimkatize mzee.

CHEREHANI: Tena Pwani hii ilikuwa na joho lake kabla ya chuo kikuu chochote cha huku. Bwana harusi wa Zanzibar au Lamu hulivaa juu ya kanzu, na wakubwa wa zamani walilivaa barazani. Lile angalau huachwa wazi mbele, upepo ukapita.

JOHO: Nimekubali. Sasa sikiliza habari ya sheria, maana vazi letu lina sheria. Marekani kijana mmoja aitwaye Gardner Cotrell Leonard, wa mji wa Albany, alibuni majoho ya darasa lake la Williams College, lililohitimu mwaka 1887. Baadaye akaandika makala kuhusu majoho ya wasomi. Mwaka 1895 vyuo vikakutana Columbia, New York, vikatunga kanuni moja ya mavazi, naye akashirikishwa. Kanuni hiyo ndiyo iliyopanga mikono: wa shahada ya kwanza mkono wa ncha, wa uzamili mkono mrefu uliozibwa mwishoni na kupasuliwa tundu la kupitishia mkono wa mvaaji, wa uzamivu mkono mpana kama kengele, wenye mistari mitatu ya mahameli.

CHEREHANI: Ukoo wa huyo Leonard ulifanya biashara gani?

JOHO: Ya nguo. Majoho walishona wao.

CHEREHANI: Basi yamekwisha. Mwenye duka kakaa kwenye kamati ya kuamua watu wavae nini, halafu mnashangaa nguo zimekuwa nyingi! Endelea na rangi.

JOHO: Rangi ndizo fahari yetu. Katika kanuni hiyo ya Marekani, nyeupe ni ya sanaa na fasihi, kutokana na manyoya meupe ya hudi za Oxford na Cambridge. Nyekundu ni ya theolojia, rangi ya kanisa tangu zamani. Kijani ni ya udaktari, kwa ajili ya miti shamba. Zambarau ni sheria, manjano ya dhahabu ni sayansi, chungwa ni uhandisi, waridi ni muziki.

CHEREHANI: Na biashara?

JOHO: Biashara ilipewa rangi kama kaki iliyopauka.

CHEREHANI: Wenye pesa wakapewa rangi ya vumbi. Hapo nawasifu.

KIJOHO: Na bluu yangu mimi?

JOHO: Bluu iliyokolea ni falsafa. Bluu ya mbingu ni elimu.

CHEREHANI: Yake ni ya mapazia. Fundi alinunua jora la kupambia ukumbi wa harusi, likabaki. Ndiyo falsafa yake yote. Shule ya mtaa wa pili wamechagua zambarau, kwa hiyo wiki ijayo tutapata mawakili wa chekechea. Ile ya karibu na kituo cha daladala wameagiza kijani, na mimi nikiumwa nitajua pa kwenda: nitatibiwa na daktari ambaye viatu amevaa kushoto kulia, kulia kushoto. Waliochukua chungwa watajenga madaraja. Waliochukua waridi...

KOFIA: Tumeelewa.

CHEREHANI: ...wataimba. Sijamaliza. Kuna walioagiza rangi zote pamoja, ili kila mzazi apate anayoipenda. Hao nadhani ni wakuu wa vyuo.

Hapa inafaa kuongeza jambo ambalo Joho, kwa kunogewa, alilipita. Kanuni ya 1895 ni ya Marekani tu. Uingereza kila chuo kikuu hujipangia rangi zake, na vyuo vya Afrika Mashariki vilirithi desturi hiyo: hudi ya chuo kimoja haisemi kitu kwa mtu wa chuo kingine.

KOFIA: Na mimi nina historia. Nilitokana na kofia za pembe nne za makasisi. Kurushwa hewani ni jambo jipya. Huko Annapolis, kwenye chuo cha jeshi la majini la Marekani, mwaka 1912 wahitimu walianza kupewa uofisa siku ile ile ya kuhitimu. Kofia zao za uanafunzi zikawa hazina kazi tena, wakazirusha.

CHEREHANI: Walirusha mali yao, tena isiyo na kazi. Wewe ni wa kukodi. Mara ya mwisho ulirushwa ukarudi pembe moja imevunjika, mhitimu akakatwa amana yake, akaondoka ana shahada na hana nauli.

JOHO: Kofia ina heshima. Edinburgh, alikopata Mwalimu Nyerere shahada yake ya M.A. mwaka 1952, mhitimu huguswa kichwani kwa kofia ya kale. Hadithi ya chuo husema imeshonwa kwa kitambaa cha suruali ya John Knox, mhubiri wa Matengenezo ya Kanisa.

CHEREHANI: Suruali! Kichwani!

JOHO: Ni hadithi tu.

CHEREHANI: Sawa. Lakini aliyeguswa alikuwa ameshafanya mitihani. Hapo ndipo penye hoja yangu.

JOHO: Hata huku hatukupewa bure. Makerere, kilichoanzishwa mwaka 1922, kuanzia 1949 kiliwaandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Dar es Salaam ilianza Oktoba 1961 na kitivo cha sheria tu, ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na 1970 kikagawanyika kuwa vyuo vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Waliovaa joho miaka hiyo walikuwa wachache mno.

CHEREHANI: Na liliwalevya. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu na majoho yao, wakipinga kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti waliyowekewa. Nyerere aliwafukuza karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha. Wakulima walikuwa wanalipia kile kitambaa, mvaaji akadhani kimeota mwilini mwake.

KIJOHO: Mimi sitaandamana.

CHEREHANI: Wewe utakata keki. Sasa nisikilizeni vizuri, maana nimeshona kimya miaka mingi. Oxford mwanafunzi huvaa joho kwenye chumba cha mtihani, na mwaka 2015 walipopigia kura desturi hiyo, zaidi ya robo tatu walitaka ibaki. Huku kidato cha nne wanavaa joho Septemba au Oktoba, mtihani wa taifa ni Novemba, matokeo Januari. Wamehitimu kitu gani? Picha iko ukutani sebuleni, imewekewa fremu, na divisheni haijulikani! Darasa la saba vivyo hivyo. Wasiitwe wahitimu hao, waitwe watarajiwa.

KOFIA: Wazazi wanapenda.

CHEREHANI: Wazazi wanaandikiwa! Barua inakuja nyumbani: mchango wa joho, wa keki, wa picha, wa video, wa zawadi ya mwalimu, wa mgeni rasmi. Mama anayeuza vitumbua anakopa kwenye kikoba ili mtoto avae pazia kwa saa tatu. Asipolipa, mtoto anakaa mstari wa nyuma na sare yake, huku wenzake wanaitwa majina. Mwalimu mkuu anayemfanyia hivyo mtoto wa miaka sita aone haya. Mmiliki wa shule anayeongeza faida yake juu ya bei ya fundi aone haya mara mbili. Na mzazi mwenye uwezo anayeleta gari lenye maputo apunguze kelele, anawaumiza majirani. Mnataka sherehe? Fanyeni. Watoto waimbe, wacheze ngoma, wale pilau na sare zao za kila siku, kila mmoja apewe kitabu cha hadithi.

JOHO: Na sisi tubaki chuoni.

CHEREHANI: Na nyinyi mkae chuoni, mvaliwe baada ya seneti kupitisha matokeo.

KIJOHO: Basi kesho nisiende?

CHEREHANI: Utakwenda, umeshalipiwa. Urudi Jumatatu kabla ya saa nne, usiwe na icing kifuani. Jumanne una mahafali mengine, ya baby class.