Honda ya Baba Mkwe

Wewe mwenye familia utanielewa bila maelezo mengi. Nyumba yenye mke, watoto, shemeji na mama mkwe haina kona ya mtu mmoja, na pikipiki ya zamani inataka utulivu. Lakini Jumamosi ikifika nitafanyaje? Natandika gunia chini ya mwembe, napanga spana, na kabla sijaisimamisha Honda kwenye stendi, Mkaguzi Mkuu ameshaweka kigoda chake.

Mkaguzi Mkuu ndiye mama mkwe wangu, na ana haki zote. Hii CG125 ilikuwa ya marehemu mumewe, bwana shamba aliyezunguka nayo vijiji vya Kilosa mpaka akastaafu. Mama alipakiwa nyuma akiwa na mimba ya mke wangu. Kwa hiyo mke wangu hudai kwamba ameipanda kabla yangu, nami sina cha kubisha.

Naipenda mno. Honda walianza kuitengeneza mwaka 1976, baada ya wahandisi wao kuona jinsi pikipiki zinavyoteswa katika nchi nyingi: mizigo mizito, oili isiyobadilishwa, mnyororo uliojaa vumbi. Wakaipa injini fito za kusukuma valvu, mpango rahisi na mgumu kuharibika, na mnyororo wakaufunika wote. Bodaboda nyingi za Kichina zimenakili injini hiyo, ndiyo maana spea hazinisumbui. Kwa fundi siipeleki tena. Yupo mmoja alifungua nati zake kwa patasi na nyundo, na makovu yapo mpaka leo.

Kazi yenyewe ina masharti. Tapeti hupimwa injini ikiwa baridi, uwazi wa milimita 0.08. Oili humwagwa injini ikiwa na joto, ili itoke na uchafu wake. Basi asubuhi unaanza na tapeti, ndipo unapiga kiki. Hilo nimelieleza nyumba nzima, na aliyeitikia kwa sauti kuliko wote ni Injinia, mdogo wake mke wangu, aliyepewa cheo hicho na dada yake siku alipounga waya wa pasi. Nikaingia ndani kutafuta fila geji. Mara nasikia ngurumo nje. Injinia kaiwasha, anavuta mafuta, watoto wanashangilia.

“Nakupashia moto, shemeji!”

Tapeti zikasogezwa mpaka jioni. Nikaanza na oili. Nati ya chini ina wasa yake laini, na bila wasa oili itavuja. Niliiweka juu ya gazeti, mahali pa wazi kabisa. Oili ilipomaliza kutiririka, nyeusi tititi, nati ipo, wasa haipo. Zawadi, kitinda mimba wangu, alikuwa kando anamvisha mwanasesere wake bangili.

“Baba, huyu ni bibi harusi. Ameshavishwa.”

Nikamtazama Mkaguzi Mkuu, nikitegemea hukumu ya haki.

“Mwache mtoto, mkwe wangu. Bibi harusi havuliwi bangili.”

Nikajikung'uta niende dukani kununua wasa nyingine. Mke wangu akachungulia dirishani: kwa kuwa natoka, nipitie na dagaa, nyanya, na mkaa wa debe moja. Nikarudi jua la utosini nikiwa nimebeba mkaa begani, wasa mfukoni.

Mkaa huohuo ukawashiwa jiko hatua chache kutoka kwenye kabureta niliyotaka kuiosha kwa petroli. Hapo sina mzaha, na wewe usiwe nao. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kwa chini mpaka uufuate moto. Nilimwomba mama watoto asogeze jiko. Akasema maharage hayasogezwi. Basi nikahama mimi, na kabureta yangu, na bisibisi zangu, mpaka nyuma ya banda la kuku, nikasafisha jeti huku jogoo akinidonoa kandambili.

Jioni injini ilikuwa imepoa. Nikapima tapeti, fila geji ikapita kwa kukwaruza kidogo kama inavyotakiwa, nikakaza, nikafunika, nikapiga kiki. Ikawaka mara moja. Watoto wakapiga vigelegele. Mkaguzi Mkuu hakupiga.

Aliomba bisibisi ndefu. Akaweka ncha juu ya kifuniko cha valvu, mpini sikioni, akafumba macho. Hivyo ndivyo alivyomwona marehemu akifanya miaka yote ile.

“Mkwe, moja bado inagonga.”

Nikainama, nikasikiliza. Kweli. Nati ya kufungia huweza kusogeza kipimo wakati inakazwa, na hii ilikuwa imesogeza. Mama hajawahi kushika spana maishani mwake, lakini sikio lake nitaliheshimu mpaka kufa.

Sasa injini ni ya moto tena, na tapeti hazipimwi mpaka ipoe. Mama mkwe akazima, akachomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga yake.

“Kesho saa kumi na mbili asubuhi,” akaninong'oneza. “Kabla Injinia hajaamka.”