Inda ya Gari la Dizeli

Fedheha niliyoipata juzi asubuhi ndani ya pantoni la Kigamboni, Dar es Salaam, haijanitoka usoni hata ninapoandika maneno haya, wala sitaraji initoke upesi, kwa kuwa mashahidi wake walikuwa wengi, na karibu wote walikuwa wamechelewa kazini.

Pantoni lilipogusa ukingo wa Magogoni, na mlango wake wa chuma ukateremshwa, mimi nilikuwa wa kwanza katika safu ya magari, nafasi ambayo nilikuwa nimeifurahia muda wote wa kuvuka pasipo kujua gharama yake. Nikazungusha ufunguo kwa utulivu wa mtu ambaye betri yake ni mpya na risiti yake ingali mfukoni. Gari likajibu: tik. Halikunguruma, halikukohoa, wala halikutoa ule mlio wa stata iliyochoka, ambao hufifia kidogo kidogo na kumpa mwenye gari nafasi ya kuitayarishia aibu yake makazi. Lilisema tik moja, kavu, kisha likanyamaza. Nikazungusha tena. Tik.

Waendao kwa miguu wakanipita kulia na kushoto, na kila mmoja akainama kidogo dirishani ili apate kumtambua mtu aliyeziba njia. Magari ya nyuma yakapiga honi kwa pamoja, pikipiki zikajipenyeza, na baraza ya waganga ikajikusanya mbele ya boneti bila kualikwa. Wa kwanza akahukumu kwamba dizeli imekwisha. Wa pili akasema, "Imeingia upepo hiyo, mzee, itolewe upepo." Wa tatu, aliyevaa ovaroli safi mno kwa fundi, akaapa kuwa ni hita plagi, na mama mmoja mchuuzi wa samaki, ndoo yake tupu i kichwani, akanitazama kwa huruma akasema, "Baba, hilo gari limetupiwa jicho." Mfanyakazi wa pantoni hakuwa na nadharia. Alikuwa na amri moja tu, "Toa gari!", nayo aliirudia kwa sauti ya mtu anayeamini kuwa nimelizima kwa starehe zangu.

Maji yalikuwa yamekupwa, na kwa hiyo mlango ulikuwa umeinama sana, na barabara ya zege mbele yangu ilipanda kuliko desturi yake. Wakajitokeza vijana wenye nguvu, wakasukuma kwa mwitikio mzuri, na tulipofika nusu ya mwinuko, bahari ikiwa nyuma yetu na breki ya mkono ikiwa dhamana yangu pekee, wakasimama ili tuzungumze bei. Sijapata kuingia katika biashara yoyote nikiwa na hoja chache namna ile. Nikakubali walichotaka, tukafika juu, penye tambarare karibu na soko la samaki, jasho likiwatiririka. Na kabla hawajaanza kusukuma kwa mbio ili nilishtue kwa gia, nikagusa ufunguo kwa mazoea tu, bila matumaini yoyote. Gari likawaka papo hapo, kwa mngurumo wa afya njema. Hapo ndipo watu waliponichukia kwelikweli.

Sharti nilitetee jina la dizeli, maana injini hii husingiziwa mambo mengi yasiyo yake. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanya kazi barabara huko Augsburg mwaka 1897, aliunda mashine isiyohitaji cheche wala mwali katika kuwasha mafuta. Hewa peke yake huvutwa ndani ya silinda, kisha pistoni huibana mpaka ibaki katika nafasi kama sehemu moja ya ishirini ya ile ya mwanzo. Na madhali hewa ibanwayo ghafla hupata moto, jambo alijualo kila mtoto aliyepata kushika ncha ya pampu ya baiskeli, joto lake hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Ndipo nozeli inyunyizapo dizeli kwa ukungu mwembamba, na dizeli, ambayo hushika kwa joto pungufu sana ya hilo, hujiwakia yenyewe. Sijui kitu kingine barabarani chenye akili ya namna hii. Bwana Diesel mwenyewe alitoweka usiku mmoja wa Septemba mwaka 1913 akiwa ndani ya meli iliyotoka Antwerp kwenda Harwich, na watu wamebishana tangu hapo juu ya sababu. Lakini mimi, niliyekaa ndani ya pantoni huku honi zikinililia nyuma, sikuona ajabu mtu wa dizeli kutamani asionekane tena.

Uzuri huo, hata hivyo, una masharti yake, kwani hewa haibanwi bila ya nguvu. Stata ya dizeli huhitaji umeme mwingi, ampea mia kadhaa, ambao ukipitishwa katika swichi ya ufunguo ungeiyeyusha. Basi ufunguo hutuma umeme kidogo tu hadi kwenye selenoidi iliyopanda mgongoni mwa stata. Selenoidi hugeuka sumaku, huvuta kijiti cha chuma, na kijiti hicho hubeba kisahani cha shaba kinachogota juu ya vipande viwili vya shaba na kuviunganisha. Tik ni sauti ya mgoto huo. Kila mgoto huzua cheche, na kila cheche hula shaba kidogo, mpaka baada ya miaka kipande kimoja huwa kimelika upande, na kisahani hufika pale kinapotakiwa kufika kisikute kitu cha kugusa. Na siri ya inda yote iko hapa: kisahani hicho huweza kujizungusha juu ya kijiti chake, kwa hiyo aghalabu huja na uso mwingine, mara ule wa shaba nzima, mara ule wa shaba iliyoungua. Ndiyo maana gari hugoma sasa na kutii baada ya dakika moja, pasipo jicho la mtu wala upepo wa aina yoyote.

Elimu hii sikuipata kwa mafundi niliowalipa kabla ya siku ile ya pantoni. Fundi pampu aliona kosa liko katika pampu, akaifungua. Fundi nozeli aliona nozeli, akazisafisha. Fundi injini akabadili hita plagi, zile zipashazo moto injini baridi, ingawa katika joto la Dar es Salaam, na injini ikiwa imekwisha pata moto, hita plagi hazina kazi kubwa ya kufanya. Na muuza betri, kwa ikhlasi kamili, aliona betri. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali la kwanza la fani hii yote, yaani, je, injini huzunguka ikakataa kuwaka, au haizunguki kabisa? Injini isiyozunguka haina ugomvi wowote na dizeli.

Dhuluma ya maradhi yajayo na kuondoka ni kwamba kila tiba huonekana imeponya. Gari langu halikupata kugoma mbele ya fundi. Lilifika gereji likiwa zima, likatoka likiwa zima, na baina ya uzima huo na huo fedha ya ada ya shule ikawa imekwisha badilika kuwa vipuri. Likigoma tena, fundi alisema hili ni kosa jingine; na nilipodai kipimo kabla ya kipuri, nikaitwa mbishi. Vifaa vyangu vya zamani vilibaki huko, na ninaamini baadhi yake hivi leo vinamponya mtu mwingine.

Juzi hiyo hiyo alasiri gari likagoma makaburini. Usiku likagoma nje ya arusi ya mpwa wangu.

Jana fundi umeme mmoja wa Gerezani alifunga balbu mbili ndogo, moja kwenye nati ya stata ipokeayo waya mnene wa betri, na ya pili kwenye nati ipelekayo umeme ndani ya mota, akazipitisha nyaya zake hadi kando ya usukani, akasema, "Nenda zako, mzee. Likigoma, tazama taa." Likagoma saa kumi, nje ya duka la mkate. Tik, balbu ya kwanza iling'aa, ya pili ilikuwa giza tupu. Umeme ulifika mlangoni, haukuvuka.

Nikamrudia fundi, akafungua selenoidi mbele ya macho yangu, akanionyesha shaba iliyolika, akafunga vipande vipya vya bei ndogo kuliko bei waliyonitoza vijana wa mwinuko. Nikalipa vifaa, nikalipa ufundi, kisha nikamwuliza ni kiasi gani kwa kutafuta ubovu. Akafuta mikono, akacheka.

"Kutafuta si kazi, mzee. Kazi ni kufunga."