Bei ya Mkwaju Mmoja

Shemeji yangu anauza vifaa vya hospitali, na kwa imani yake hakuna zabuni hata moja iliyowahi kutolewa ofisini hapa Nairobi. Ofisini ni pa kupigia mhuri tu. Zabuni yenyewe hutolewa kati ya shimo la saba na la nane, watu wawili wakitembea taratibu, makedi wakiwafuata na mifuko, karibu kiasi cha kusikia kila kitu na mbali kiasi cha kujifanya hawasikii. Mimi nina mashine mbili za kuchapisha kwenye orofa ya pili ya jengo moja karibu na Kirinyaga Road. Natengeneza kalenda, kadi za harusi, vijitabu vya mazishi na vitabu vya risiti. Nilipomuuliza kama huko nyasini kuna mtu mwenye haja ya kitabu cha risiti, alinitazama kwa huruma.

"Shemeji," akasema, "wewe unauzia watu barabarani. Njoo uuzie watu kivulini."

Akanichukua hadi klabu yake ya gofu kama mgeni wake. Hapo ndipo nilipoanza kupata elimu. Shati lazima liwe na kola, na liwe limechomekwa. Jinzi hapana. Ndani ya jengo simu ni marufuku, na ukiipokea unapigwa faini. Mfuko nilioazimwa ulikuwa na fimbo tisa, nami nikadhani nimepunjwa, maana sheria inakuruhusu kubeba hadi 14. Kufikia shimo la tatu niligundua kwamba hata tisa ni nyingi. Ninayoweza kuimudu ni moja, nayo ni ile fupi ya kusukumia.

Shimo la gofu lina upana wa milimita 108. Hilo nililitambua kwa macho kabla sijaambiwa, kwa sababu kadi ya harusi ya saizi ya A6 ina upana wa 105, na nimezikata nyingi sana maishani. Ukiisimamisha wima inatumbukia humo barabara, na milimita tatu za kupumulia zinabaki. Mpira wenyewe haufiki hata nusu ya shimo. Ukiwa umesimama hapo karibu unajiuliza watu wanalalamika nini. Ukirudi nyuma mita mia tatu na hamsini, unaanza kuelewa kwa nini Bunge la Uskoti lilipiga marufuku mchezo huu mwaka 1457. Sababu iliyotolewa ni kwamba vijana waliacha mazoezi ya upinde wakakimbilia gofu, na vita haviishi. Mke wangu alipoisikia habari hiyo alisema hilo ndilo bunge la mwisho kufanya kazi yake.

Nairobi iko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ni nyepesi mpira huruka mbali kuliko Mombasa. Watu wengine hufurahia. Wangu uliruka mbali zaidi ukielekea kichakani, basi faida yote ya mwinuko ikaliwa na kichaka. Tangu mwaka 2019 sheria inakupa dakika tatu tu za kuutafuta mpira uliopotea. Zamani zilikuwa tano. Kedi wangu, mzee mmoja mkavu mwenye kofia iliyopauka, alikuwa na saa yake kichwani. Anaingia kichakani kwa heshima, anapekuapekua majani kwa fimbo, kisha anatoka.

"Pole, mdosi. Huyo ameenda."

Baada ya kupoteza akiba yote niliyopewa, kedi alifungua mfuko wa nailoni na kuniuzia mipira mitumba kwa bei ya kirafiki. Nikachagua mitano. Wa nne ulikuwa na alama ya wino wa buluu, duara na ndani yake herufi ya jina la binti yangu, alama ambayo nilikuwa nimeichora mwenyewe asubuhi ile kwa kalamu ya dukani kwangu. Nikamwonyesha. Aliutazama kwa makini, akaugeuza, akaupangusa kwa kitambaa.

"Huyu mpira ana bahati," akasema. "Amepata mtu anayemjua."

Nililipa.

Tulipomaliza, shemeji alikuwa amepiga mikwaju themanini na kitu. Mimi nilipita mia na thelathini, na sitaki kuingia ndani zaidi. Mfumo wa sasa wa dunia, ulioanza kutumika mwaka 2020, unamruhusu mchezaji dhaifu kupewa nafuu ya hadi mikwaju 54. Uwanja wenyewe unatarajia 72. Jumlisha mwenyewe, uone kwamba hata huruma rasmi ya dunia nzima ilikuwa haijanifikia. Lakini kedi alinifariji kwa hesabu ambayo hadi leo sijapata mtu wa kuivunja.

"Mdosi, wewe ndiye umefaidi. Huyu shemeji yako ameingia kwa pesa, akapiga themanini, akaenda. Wewe umepiga mara nyingi hivyo. Mkwaju wako ni wa bei rahisi kuliko wa mtu yeyote hapa."

Nilirudi nyumbani na hesabu hiyo kama hoja ya kujiunga na klabu. Mke wangu ni mweka hazina wa chama chao cha akina mama, na sijawahi kuona mkopo ukimponyoka. Akachukua penseli. Kwanza kuna kiingilio, ambacho kingeweza kununua pikipiki mpya ya bodaboda, kuikatia bima na kubakiza ya mafuta ya wiki. Kisha ada ya mwaka. Kisha kiwango cha chini cha matumizi ya jikoni na baa, maana yake kila mwezi unalipia chapati, uzile usizile. Kisha mchango wa ukarabati, ambao barua ya klabu ilisema ni wa mara moja, na wanachama wa zamani wakaniambia huo wa mara moja hurudi kila baada ya miaka miwili.

"Utacheza mara ngapi?" akauliza.

Nikasema kila wiki. Akanikumbusha kwamba kuanzia Oktoba hadi Desemba mimi hulala dukani kwa sababu ya kalenda. Akaondoa mvua za Aprili. Akaondoa Jumamosi za harusi, na kwa ukoo wetu hizo si chache, na Jumamosi za mazishi. Alipogawanya, kila raundi iliyobaki ikatoka ghali kuliko ada ya mgeni. Hapo nikaitoa hoja ya kedi: tusigawanye kwa raundi, Mama Watoto, tugawanye kwa mikwaju. Alifikiri. Kwa haki yake lazima niseme alilikubali jambo hilo kihesabu. Kisha akaniambia tujumlishe mipira, na tukajumlisha, na mkwaju ukapanda bei papo hapo. Akafunga daftari.

Ingeishia hapo kama si kalenda mia tano.

Nimesahau kusema kwamba shemeji hakuwa mwongo. Siku ile ile, baada tu ya kutoka shimo la saba, mkandarasi mmoja tuliyekuwa naye aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia. Akasema, "Kumbe! Mbona hukusema?" na kabla hatujafika shimo la nane nilikuwa na oda ya kalenda mia tano zenye picha ya tingatinga lake la manjano. Shemeji alinikonyeza. Sikutaka malipo ya awali. Mtu hamdai malipo ya awali mwenzake aliyevaa shati lenye kola katikati ya nyasi nzuri vile. Kalenda zikachapishwa, zikachukuliwa. Zikatundikwa. Januari ikapita, Juni ikapita, mwaka ukamaliza kurasa zake zote na tingatinga lake, na pesa zikawa bado.

Mdeni wangu hashiki simu. Ofisini katibu wake husema ametoka kidogo. Mahali pa uhakika pa kumpata ni pamoja tu, shimo la kwanza, Jumamosi saa mbili asubuhi. Na ili nifike hapo sharti nilipe ada ya mgeni, nimlipe kedi, ninunue mipira yangu mwenyewe kwa mara ya pili. Kila nilipokwenda kudai deni, deni lilinigharimu.

Wala usidhani ukishamfikia kazi imekwisha. Gofu ina adabu zake. Mtu akijiandaa kupiga, hupaswi hata kukohoa. Akipiga vibaya, si utu kumwongezea machungu. Akipiga vizuri, utamharibiaje siku? Kati ya mkwaju na mkwaju yeye anatembea kuelekea mpira wake, nami natembea kuelekea wangu, ambao kwa kawaida uko wilaya nyingine. Raundi moja ya mashimo 18 ni saa nne na zaidi, na katika saa hizo zote sikuwahi kuona dakika inayofaa kusema neno kalenda.

Kisha Jumamosi moja, kwenye shimo fupi la upande wa miti, yule bwana akapiga mpira ukadunda, ukakunja kona kidogo, ukaingia shimoni kwa mkwaju mmoja. Kuna watu wamecheza miaka arobaini na hawajalipata jambo hilo. Hata kedi wangu alivua kofia. Desturi ya gofu ni kwamba aliyebahatika hivyo huwanunulia vinywaji wote waliopo klabuni. Huko Japani watu hukata bima kabisa ya balaa hili la furaha. Yeye hakuhitaji bima. Aliingia baa mikono juu, akamwambia mhudumu asimruke mtu, na kwa roho nyeupe akalipia meza hadi meza, pesa taslimu. Mimi nikapata soda mbili na sahani ya sambusa. Nilizila zote, nikijua vizuri kwamba zinatoka kwenye kalenda zangu.

Nikamsimulia mke wangu. Hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Hiyo klabu wanakubali wanawake?"

Wanakubali, ingawa klabu hizi hazikuanza na moyo huo. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na kufikia 1906 walowezi walikuwa tayari wana klabu ya gofu, ile inayoitwa Royal hadi leo kando ya Ngong Road. Mombasa wakapata yao 1911, juu ya magenge, ambapo mpira mbaya huingia Bahari ya Hindi na dakika tatu hazina maana. Zama zile Mwafrika aliingia uwanjani akiwa amebeba mfuko wa mtu. Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walianza hivyo hivyo, wakibeba na kutazama. Kenya Open ilipoanza 1967 wageni ndio waliokuja kuchukua kombe, na Seve Ballesteros alilichukua 1978 akiwa kijana wa miaka ishirini. Kedi wangu anamsimulia Seve kwa namna inayokufanya uamini walikula pamoja.

Mke wangu akachukua masomo ya asubuhi kwa mwalimu wa klabu. Anapiga mkwaju mfupi na ulionyooka. Hapotezi mpira; jambo hilo lilimtia kedi wasiwasi wa kibiashara. Baada ya muda akapangwa kundi moja na mkandarasi. Mimi sikuwapo, ila kedi alikuwapo, na kwa kuwa makedi husikia kila kitu, habari ninazo kamili.

Hakumsumbua akijiandaa kupiga. Hakumsumbua alipokosea. Alitembea tu ubavuni pake. Mpira wake ulikuwa kila mara katikati ya njia, karibu na wa yule bwana, hivyo hakukuwa na kichaka cha kumwokoa. Kwenye shimo la pili alimuuliza habari za watoto. La tano, habari za tingatinga. La tisa akamuuliza kama mwaka huu atachapisha kalenda tena, na kama zile za mwaka uliopita zilimpendeza. Kedi anasema kufikia shimo la kumi na mbili mkandarasi alikuwa anavuja jasho kwenye kola. Ndani ya jengo simu ni marufuku, lakini uwanjani hakuna sheria hiyo. Alisimama chini ya mti, akaitoa, akatuma M-Pesa yote, na ya kutolea juu.

Pesa hizo hazikufika dukani. Siku ya Jumatatu niliziulizia, nikaonyeshwa risiti ya kiingilio, kilicholipwa nusu ya kwanza, kwa jina lake. Fomu inadai mpendekezaji na mwanachama wa kumuunga mkono, na jina la mwombaji hubandikwa ubaoni majuma kadhaa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Nilikwenda kulisoma. Mpendekezaji ni shemeji, yaani kaka yake. Aliyemuunga mkono ni mkandarasi.

Kwa hesabu ya kedi, mke wangu ndiye anayetupa pesa pale, maana mikwaju yake inapungua kila mwezi na kila mmoja unazidi kupanda bei. Nilimwambia. Akasema nilete daftari tugawanye na deni alilokusanya, nami sikulileta.

Mimi nimejaza ukurasa wa mwisho wa fomu, ule wa mwenzi wa mwanachama. Unaniruhusu kula, kuogelea, na kucheza siku za kazi kabla ya saa sita mchana, mradi mwanachama asipinge kwa maandishi. Nasikia klabu inataka kadi mpya za kuandikia alama, maelfu kadhaa, karatasi nzito, rangi mbili. Bei tayari wanaijadili na mke wangu. Mimi nimeambiwa niandae mashine, na kwamba malipo ya awali, safari hii, yatatangulia.