Gari Lisilo na Buti

Muuzaji aliniomba nivue viatu. Nikadhani ni adabu ya kuingia kwa mtu, kumbe pedali. Kwenye kigari kile klachi, breki na mafuta vimebanana kiasi kwamba kiatu changu cha namba 46 kilikuwa kinakanyaga viwili kwa mpigo. Nikabaki na soksi, moja imetoboka kwenye dole gumba, mbele ya wateja waliokuja na watoto wao.

Kuingia hakukunipa shida. Mlango hakuna: unavusha mguu juu ya ubavu, unasimama kitini, kisha unajishusha huku miguu ikipapasa gizani chini ya dashibodi. Nikafika. Nikanyoosha mkono nje, kiganja kikagusa sakafu. Nikashika usukani, nikatabasamu, nikapigwa picha. Kisha nikataka kutoka. Kushoto handaki la giaboksi, kulia bomba la chesisi, katikati mapaja yangu. Muuzaji akachomoa usukani (ndivyo ulivyotengenezwa, unachomoka) akauweka juu ya boneti kwa upole wa nesi. Sikutoka. Akaitwa fundi, mmoja akanidaka kwapa hili, mwingine lile, wakahesabu moja, mbili, tatu. Mtoto akauliza kwa sauti kama yule baba amekwama. Nilipopata kusimama, muuzaji akaniambia, macho yakiwa ukutani, kwamba lipo toleo pana zaidi, ila linaongeza uzito.

Uzito! Magari ya aina hii yote ni uzao wa Lotus Seven, aliyoitoa Colin Chapman hapa Uingereza mwaka 1957, na Chapman hakupenda kubeba hata nati isiyo na kazi. Hesabu yake bado inaniondolea usingizi kwa utamu. Injini kubwa inakufaa unapokanyaga mafuta, basi. Punguza uzito, na gari linaondoka haraka, linasimama haraka, na konani tairi haziishiwi nguvu ya kukaba lami mapema. Kwa hiyo ni mabomba ya chuma, ngozi ya alumini, injini, na hewa. Jumla kama kilo 500, theluthi tu ya gari langu la familia. Redio hakuna, zulia hakuna, na kila wanachokipunguza zaidi wanakutoza. Mimi nina kilo 118. Wahandisi wamekesha wakikwangua gramu, nami nimezirudisha zote kwa kukaa.

Unaweza kulinunua vipandevipande ukalijenga mwenyewe. Zamani ilikuwa kukwepa kodi: hadi 1973 gari jipya lililokamilika lilitozwa kodi ya manunuzi, vipuri havikutozwa. Inasimuliwa kwamba maelekezo ya kuunga yalikatazwa, hivyo Lotus wakatoa maelekezo ya kufungua, mteja ayasome kinyumenyume. Siku hizi kuna mkaguzi wa serikali anayepima ukali wa kila ukingo, na wajenzi wanaovisha kingo mpira siku hiyo na kuuvua jioni.

Nami nataka kujenga langu, ila mchoro wake nilioupiga kwa chaki kwenye sakafu ya gereji ulifutwa na pipa la mizigo ya shemeji.

Mke wangu aliangalia picha, akauliza jambo moja: "Baba Asha, buti liko wapi?"

Hakuna, nikamjibu, na viti ni viwili. Sikumwambia kwamba hicho ndicho kilichonivuta. Gari letu la viti saba limegeuka mali ya ukoo. Kila anayetua Heathrow alfajiri, ndugu au rafiki wa ndugu, anapewa namba yangu kabla ya kupewa viza. Napakia masanduku, nahamisha makochi ya watu, nasomba mapipa ya kusafirishwa nyumbani, na kwenye kituo cha mafuta wote hupitiwa na usingizi. Nikiumwa mgongo wanauliza gari ni zima?

Nimelipa kishika uchumba cha lile pana. Jana binamu akapiga simu: anakuja Agosti, na watoto. Nikamwambia lile la viti saba naliuza, najenga jingine kwa mikono yangu. Akanipongeza sana, akaniombea dua, halafu akauliza hilo jipya litachukua masanduku mangapi.